Gari la Mikate

Baba alilinunua mnadani, Chang'ombe,
gari lililokuwa likisambaza mikate alfajiri.
Ubavuni paliandikwa LAINI KILA SIKU,
na hata baada ya kupigwa rangi ya kijani mara mbili
jua la saa sita liliyatoa tena maneno yale,
moja moja, kama vipele.

Aling'oa rafu zote, akaacha mbili:
kitanda cha juu, kitanda cha chini.
Mama alishona pazia kwa kanga iliyopoteza pacha wake.
Jiko la gesi, ndoo, dumu la maji,
godoro limekunjwa kama chapati.
Majirani wa Tandika waliuliza, Mnahama?
Baba akajibu, Tunatalii.
Safari yenyewe ilikuwa mpaka Kunduchi.

Kila Desemba, tuliegesha nyuma kabisa ya bustani ya maji,
karibu na pampu iliyokohoa usiku kucha,
na mlinzi Chilumba aliandika daftarini:
Basi moja. Watu sita. Wanalala.

Usiku bati lilipotoa joto lake
lilitoa na harufu ya mkate.
Miaka mingapi tangu mkate wa mwisho ushuke humo,
na bado tulilala tumeshiba wali,
tukiwa na njaa ya kitu kisichokuwepo.

Tepe za mkononi Baba alinunua mbili.
Watoto tulikuwa wanne.
Mafuta ya nazi ndiyo yaliyotugawia zamu:
Tatu anavua, Shomari anavaa,
Baba anasoma gazeti la juzi kwa makini sana.

Ila Pazi, zamu yake haikumfaa kitu.
Mlangoni pa bomba jekundu alisimama mamba wa mbao,
mkono ameunyoosha: aliye chini ya mkono huu hapandi.
Nywele za Pazi zilifika. Kichwa hakikufika.
Tukawa tunampima kwenye mlango wa gari,
Baba akikwaruza bati kwa msumari.
Mwaka mzima alining'inia kwenye chuma cha dari,
akala ugali amesimama,
akaamini urefu hupitia miguuni.

Mwaka alioushinda ule mkono, kwa kidole kimoja,
alipanda ngazi zote bila kugeuka.
Juu kabisa akachungulia ndani ya bomba.
Akakaa chini, akalia.

Mama alimfuata na deras lake la maua,
mkononi bado ameshika mwiko.
Akamnong'oneza. Akambembeleza. Foleni ikanung'unika.
Kijana wa filimbi akasema,
Mama, ngazi zimejaa, njia ya kushuka ni hiyo moja.

Mama akaitazama foleni.
Akampa kijana mwiko.
Akampakata Pazi.

Baba, huku kwenye gari, aliusikia ule ukelele
akadhani pampu imekufa.

Walitokea chini pamoja na nusu ya bwawa,
kilemba kikielea peke yake,
na Mama anacheka kicheko ambacho hatukukijua,
kicheko cha msichana wa watu,
mtu tusiyewahi kutambulishwa kwake.
Akainuka. Akakamua deras. Akapanda tena.
Mara ya tatu Pazi alikuwa mbele, hakumsubiri.

Wali uliungua. Tulikula ukoko.
Mama alikaa kwenye kidato cha gari, nywele zinachuruzika,
akasema, kama anayeongea na sufuria,
Mwaka kesho tununue tatu.

Mwaka kesho Tatu alifaulu, kukawa na ada,
gari likaenda.

Juzi nimelikuta Mbagala, halina magurudumu,
dirisha limekatwa ubavuni, wanauza chipsi.
Niliomba kuutazama mlango.
Mikwaruzo ipo chini ya masizi.
Ule wa juu kabisa wa Pazi unanifika kifuani.

Dada, kavu au yai?

Nikainamisha uso, nikanusa.
Mafuta. Pilipili. Mafuta.
Ilikuwa saa tatu tu asubuhi.
Nikazunguka upande wa jua,
nikasubiri bati lipate moto.