Herufi Iliyobaki na Pini

Saa nne usiku, na jua la Juni mjini Tampere
bado limeegemea dirisha kama mtu asiye na kwao.
Ghorofani, katika kiwanda cha pamba kilichokufa,
wanashona bango la maandamano ya Jumamosi.
Kahawa imepoa. Cherehani ya Kerttu inakohoa.

Herufi nne za mwanzo zimekaa, nono,
zimepigwa uzi mara mbili.
Ya tano iko mezani: wima, nyembamba,
kijiti cha kitambaa cha manjano,
au kovu, kwa anayejua makovu.

Pihla, miaka kumi na tisa, anasema:
"Ni herufi tu. Tuishone twende kulala."
Mzee Sulo anasema: "Bango limekuwa refu.
Ujanani tulikuwa na shuka moja na neno moja,
na mawe yalitufikia vizuri tu.
Tukizidi kuongeza, upepo wa darajani utatubeba."

Ndipo wakamgeukia Rauni,
maana herufi ni yake,
au wanadhani ni yake.

Lugha yao, kama yetu, haiulizi.
Yeye ni yeye, awe mke awe mume,
kama sisi tusemavyo alikuja, alikula, alilala,
na sentensi haifunui nguo ya mtu.
Hata hivyo daktari aliuliza.
Rauni akiwa na wiki kumi na moja
kisu kilijibu kwa niaba yake,
na faili likaandikwa: amerekebishwa.
Kama saa. Kama tahajia.

Rauni akapangusa makombo ya mkate wa mdalasini mapajani.
"Sikuja hapa kwa ajili ya mapenzi," akasema.
"Mapenzi ninayo. Jalmari yuko nyumbani anamenya viazi,
mwaka wa ishirini na mbili huu, na bado anavimenya vibaya.
Wala sikuvuka kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine;
mimi nilivushwa, nimelala, bila tiketi.
Yuko mwenzangu kule Oulu, mwili kama wangu,
ameniambia: usithubutu kunitia kwenye upinde wenu wa mvua,
mimi fundi bomba, nina mwili wangu na kanisa langu, basi.
Simlaumu. Siku nyingine nasema kama yeye.
Lakini nilipopanda ngazi hizi mara ya kwanza,
faili ndani ya mfuko wa sokoni,
hakuna aliyeniambia nivue.
Mlisema: kaa, kuna kahawa.
Hospitalini walinivua kila mwaka hadi nilipotimiza kumi na sita,
wanafunzi wamejipanga na kalamu."

Cherehani ikanyamaza.

Tuna msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Rauni, mgeni wa miaka mitatu pale ghorofani,
ndiye aliyewapa wenyeji jembe.

"Herufi nimeipenda. Rangi yake nzuri.
Ila kitambaa hakijui kukaa kwenye kiti.
Jumatatu, saa tatu asubuhi, bodi ya hospitali inajadili
kama wataendelea kuwakata watoto wasioumwa.
Nataka watu kwenye viti vya nyuma.
Si lazima mseme. Mkae tu, muonekane wengi.
Jumamosi nitatembea nanyi.
Jumatatu je?"

Pihla ana mtihani. Kerttu anaitazama sindano.
Nje maporomoko yanapita kando ya mitambo iliyolala,
yana nguvu zilezile,
hayana tena cha kuzungusha.

Mzee Sulo alikohoa, akatafuta miwani
iliyokuwa usoni mwake.
"Hiyo hospitali," akasema,
"basi lake namba ngapi?"

Herufi haikushonwa usiku ule.
Iliandamana na pini zake,
na pale darajani, upepo ulipolivuta bango,
ilimchoma Sulo kidole.
Akanyonya damu.
Akashika tena, palepale.