Kumi na Moja

Miaka ishirini na sita, saa tatu asubuhi,
nilivuka migomba na bilauri yenye mistari,
nikalifungua kopo nyuma ya godauni la chai, Katumba,
nikainama, jicho usawa wa maji,
nikaisoma mbingu kwa milimita.

Rungwe hakunyeshi, kunamwagika.
Mwezi wa nne karatasi hulowa kabla ya wino.
Themanini na mbili nukta sita. Mia na nne.
Kisha nampigia bwana wa Mbeya, naye ananiambia,
"Mama Subilaga, rudia, laini inakwaruza."
Jioni redioni, kati ya bei ya parachichi
na daraja lililokatika njia ya Kyela,
namba yangu inapita bila jina,
nami natabasamu juu ya sufuria ya maharage.

Mwaka ule chai ilipogeuka rangi ya tumbaku
Mchungaji Mwaisumo alitangaza mfungo.
Nilifunga, tena nilifunga kweli,
hata chumvi ya mboga sikuionja.
Alfajiri ya siku ya tatu bati likaanza kunong'ona.
Kanisani watu walilia, nami nililia,
kisha nikaenda koponi.
"Shuhudia, mama," akasema, "mvua kubwa!"
Nikasimama na daftari langu:
nne nukta mbili, na Bwana asifiwe.
Kimya. Mtu akakohoa.
Lakini mimi naona hivi:
aliyeziumba mbingu hana haja
ya mimi kumwongezea sifuri.

Huniuliza, je, ni maombi au ni upepo wa ziwani?
Nikiulizwa nani kapika ugali
sisemi ni moto,
wala sisemi si moto.

Mwaka jana kijana Ipyana kaja na mtambo:
mlingoti, kioo cha jua, laini ya simu tumboni.
Kila dakika kumi unasema wenyewe.
Hausinzii. Haufiwi.
Nimeupenda, nisiseme uongo, naufuta utando wa buibui,
ila nauonea wivu kwa jambo moja.

Machi tuliyomzika Lugano
sikwenda koponi.
Nilikaa chini na akina mama, miguu nimeinyoosha,
na nilipoamka kuitafuta kazi
mbuzi alikwisha kulipindua kopo.
Mvua ilinyesha, najua, ilininyeshea kaburini,
naikumbuka mabegani,
lakini bega halina mistari.
Nikakisia. Nikaandika kumi na moja
kwa wino ule ule, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Kumi na moja ile imo hadi leo
katika wastani wa Machi, katika mashine za serikali,
huenda imo hata katika michoro ya wataalamu
wasemao dunia inapata joto.
Wala hawakosei: baridi ya Juni
siku hizi haiumi meno kama zamani.
Nimeungama. Kusamehewa, nimesamehewa.
Namba ndiyo haijasahihishwa.

Wiki iliyopita nilimwambia Ipyana.
Aliitazama simu yake muda mrefu.
"Tunaweza kuweka alama, bibi,
kwamba siku hiyo haina taarifa."

Haina taarifa.
Siku niliyomfukia mwanangu.

Nilitazama kule migombani, nikakuna mkono,
nikamwambia, weka.

Leo nimevuka tena, sijatumwa na mtu.
Si mvua, ni umande tu: sifuri nukta tatu.
Nimeiandika nyuma ya bahasha ya sadaka,
nikamwaga,
nikaitikisa bilauri mara mbili
ili kesho nisije nikahesabu ya leo.