Ua wa Bibi Etelka

Mwaka ule kiwanda cha chuma kilipopunguza zamu
baba alimwaga sarafu za kopo mezani,
akazipanga kwa vidole vyenye nyufa,
akasema, "Ziwani tutakwenda. Kwa vipi, hilo ndilo swali."
Mama akaguna. Akaanza kuchemsha mayai.

Ilikuwa treni ya polepole, ile inayosimama
hata penye benchi moja na kuku wa mkuu wa stesheni.
Za haraka zilitupita, madirisha yakimeremeta,
na kaka yangu Gergő akawapungia waliomo
mpaka mkono ukachoka. Hakuna aliyemjibu.
Mwendo wa saa tisa toka Miskolc.
Tulikula matango ya siki, tukagombana
nani aliyemwona korongo kwanza,
tukalala tumeegemeana kama magunia.

Bibi Etelka alikuwa na chumba nyuma ya bustani:
vitanda viwili, beseni, picha ya mtakatifu aliyepauka.
Aliitaja bei, baba akameza mate.
Kisha akautazama ua wake wa mbao,
umechubuka, umeinama kama mlevi,
akauliza, "Na huu, nani huupaka rangi?"

Hivyo ndivyo tulivyopata siku kumi za ziwa.
Baba alijikuna pale mkono wake ulipofika,
na siku hizo mkono wake ulifika kwenye brashi.
Alfajiri alipaka; jua likikaza alitufuata majini
na madoa ya kijani masikioni.

Ziwa Balaton, upande wa kusini, maji yake ni ya wavivu.
Unatembea, unatembea, yako magotini.
Unatembea tena, unageuka, mama kawa kama punje,
bado magotini.
Baba hakujua kuogelea. Wala mimi, wala Gergő.
Kwingineko tungekaa ufukoni tukiwatazama wanaojua.
Hapa tulikwenda wote watatu, tumeshikana,
hadi katikati ya ulimwengu (niliamini hivyo),
tukasimama pale kama wenye mali.

Mahindi ya kuchemsha tulinunua mara moja.
Hindi moja, vipande vinne.
Mama alichukua ncha, akadai ndiyo tamu.

Mwaka uliofuata ua ukawa wa samawati.
Kisha wa njano, kwa kuwa dukani njano ilikuwa imeshushwa bei.
Kisha kahawia. Kisha Gergő akakataa kuja.
Kisha zamu yangu: shuleni Vivien alirudi kutoka Kroatia
na kombe la bahari linalovuma sikioni,
mimi nimerudi na rangi kwenye kucha.
Nikasema nasi tulikuwa Kroatia.
Nikaficha mikono chini ya dawati.

Mwezi uliopita kampuni ilinipeleka ziwani,
mkutano wa siku mbili, hoteli ya vioo,
taulo zimekunjwa mfano wa bata.
Kifungua kinywa aina arobaini; sikumaliza mbili.
Jioni nikatoka kwenda kuutafuta ua.

Upo. Bibi Etelka hayupo.
Kijana nisiyemjua alinitazama kutoka barazani,
akarudi kwenye simu yake.
Nikaukuna ubao kwa ukucha:
nyeupe, sijui ya nani,
kahawia, njano, samawati,
na chini kabisa, imegandamana na mbao kama ngozi,
kijani.

Nikampigia baba, nikamwambia nilipo.
Kimya. Nikasikia redio yake, kikombe kikiwekwa.
"Juu wamepaka rangi gani?"
"Nyeupe."
"Walikwangua kwanza?"
"Hawakukwangua."
"Basi haitadumu," akasema,
kwa furaha ambayo sijaisikia miaka mingi.
Halafu akauliza kama maji bado ni ya magoti.

Nikamwambia asikate simu.
Viatu vilikuwa mkononi tayari.