Daftari la Getini

Faili lilikuja limenyooka kama shati la Jumapili:
bei za wazabuni watatu, muhtasari wa kikao,
hati ya kupokelea mali, saini tatu za kamati ya mapokezi,
na muhuri ambao haukuyumba hata mara moja.
Dira za maji mia mbili na kumi na nne
ziliingia bohari yetu ya Pasua, Alhamisi, tarehe kumi na moja,
zikalipiwa Ijumaa.
Ijumaa! Sisi ambao fundi wa choo
tunamlipa baada ya miezi minne na barua mbili.

Nimekagua miaka kumi na sita.
Nimejifunza kuiogopa karatasi isiyo na kosa.
Karatasi ya kweli ina doa la chai,
ina tarehe iliyokatwa ikaandikwa upya,
ina mjumbe aliyesahau kusaini
akafuatwa hadi Kiboriloni siku ya soko.
Hii, saini tatu, wino mmoja,
mkono mmoja umejigawa watu watatu.

Nikashuka Pasua.
Elinisafi, mtunza bohari, akanipa kiti, akanipa soda,
akanifunulia leja: "Kila kitu kipo, mkaguzi."
Kiti kile nakijua. Soda ile naijua.
Mwaka jana, hesabu ya Juni, niliketi papo hapo,
nikahesabu masanduku kwa macho, nikiwa kivulini,
nikaandika: mali imethibitishwa.
Sikuithibitisha. Jua lilikuwa kali.

Getini yupo Nakijwa,
mlinzi wa kampuni ya kukodi,
jina lake halimo hata katika vitabu vyetu.
Ana daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada,
amelifunga kwa mpira wa baiskeli.
Semina za udhibiti wa ndani hajaalikwa.
Anaandika kinachopita.

Alhamisi, tarehe kumi na moja:
"Mvua toka alfajiri. Gari hakuna.
Saa nane mbuzi wa mama Ndeanasia kaingia, nimemtoa.
Saa kumi bwana stoo katoka na mwamvuli wa ofisi.
Hajarudisha."

Nikasoma tena, nimesimama, kalamu mdomoni.
Mbuzi mmoja. Mwamvuli mmoja.

Bodi ilikaa ghorofani, mapazia yameshushwa
mlima usije ukawapotezea watu ajenda.
Nikasoma hoja yangu.
Mwenyekiti akauliza, "Huyo Nakijwa ana elimu gani?"
Mkurugenzi akasema si busara
neno la mlinzi kupanda juu ya saini za maofisa.
Mama Aikaruwa, mwalimu mstaafu, kimya tangu chai,
akavua miwani:
"Na mbuzi je?
Mtu atunge mbuzi ili iweje?"
Hakuna aliyecheka.
Mkurugenzi akajimiminia maji, glasi ikafurika.

Majibu ya menejimenti yalikuwa mstari mmoja:
hoja imepokelewa, inafanyiwa kazi.
Kazi ya kwanza ikawa daftari jipya la getini,
lenye nembo, lenye safu sita.
Safu ya mbuzi haimo.
Lile la zamani nimelisaini kila ukurasa,
nikalifungia kwenye kabati la kufuli mbili,
ufunguo mmoja wangu, mmoja wa Mama Aikaruwa.
Na huko Njoro, nyumba zisizo na dira
zinaendelea kulipa makadirio:
ndoo walizochota na ndoo tulizowadhania.

Juni imefika tena.
Leo nahesabu dira mojamoja, kwa namba zilizogongwa kwenye chuma,
soda nimeikataa.
Lakini kwanza Nakijwa kanizuia getini.
"Jina. Saa. Saini."
Nikasaini.
"Begi."
"Nakijwa, ni mimi."
"Najua ni wewe," akasema,
na alikuwa amekwisha kuandika.
"Begi."