Mnofu

Nusu kilo, Nzioki, lakini si hiyo
iliyolala kwenye trei tangu asubuhi,
nyekundu chini ya taa uliyoining'iniza juu yake,
nyeupe ukiitoa nje kwenye jua la Kawangware.
Hiyo naijua. Ni shahamu iliyopakwa haya.
Nikatie paja. Hapo nyuma, panapobana.
Toa utando mweupe, toa na huo uzi,
kisha osha kinywa cha mashine kabla ya kusaga,
maana mashine yako nayo ina kumbukumbu.

Nzioki anacheka, kisu kinasubiri.
"Mama Nyakio, unataka kula mbao?
Mafuta ndiyo utamu. Nyama kavu
ni harusi isiyo na vigelegele."
Kisha ananitajia bei. Imepanda
kwa kitu kilichopunguzwa.
Nalipa. Ndivyo mji huu ulivyo:
unalipia hata kile unachoondolewa.

Sijamwambia ni ya nani.

Baba alifanya kazi machinjioni, Dagoretti,
miaka thelathini na mmoja, viatu vya mpira hadi magotini.
Jioni koti lake lilirudi limelemea upande mmoja:
mfukoni, ndani ya gazeti la juzi, bonge la mafuta,
habari za bungeni zikisomeka kinyume juu yake.
Mama aliliyeyusha. Chumba kizima kikanukia ng'ombe.
Sukuma wiki iling'aa, ugali uliteleza,
na sisi watano tukafura mashavu
hata mwalimu akauliza kama baba yetu ni tajiri.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Sisi tulikula kilichokuwa nguoni mwake.

Sasa daktari, kijana mwenye kalamu nne mfukoni,
amechora mshipa nyuma ya karatasi ya dawa,
mshipa kama bomba la sinki letu,
akaniuliza, "Mzee hupenda kula nini?"
Nikaona vigumu kujibu,
kana kwamba namshitaki marehemu mama.

Jikoni naweka tone moja la mafuta, moja tu.
Nyama inanata, inanuna, inakataa kulia.
Nazidisha kitunguu. Nakuna karoti.
Namimina kikombe cha kamande zilizochemka;
Nyakio ananiona, namkonyeza.
Nyanya mbili, tangawizi, hoho, dhania,
chumvi... hapo mkono unaenda, unasita, unarudi.
Mkate ni ule wa rangi ya udongo,
mwanangu anauita mkate wa wazee.
Naupasua, naupasha, naujaza hadi unamwagika.

Baba hali mara moja.
Anaufunua mkate kama mkaguzi mwenye muhuri,
anachukua chembe, anaifikicha
kwa kidole gumba na cha shahada.
"Paja la nyuma."
"Ndiyo, baba."
"Limesagwa mara moja."
"Mara moja."
"Na hivi vidogo vidogo?"
"Kamande."
Ananyamaza.
Jirani wa chini anakaanga kitu kwa mafuta mengi,
harufu inapita chini ya mlango bila kubisha,
na sote watatu tunajifanya tuna mafua.

Kisha anauma.
Anatafuna polepole, macho dirishani,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.
Nyanya inamchirizika kidevuni; Nyakio anamcheka,
naye anamwacha acheke.

Sahani ikiisha anaizungushia kidole,
mazoea ya miaka yote, kuutafuta ule mng'ao.
Kidole kinatoka na wekundu mtupu.
Anakitazama.
Anakilamba.
"Kesho," anasema, "mwambie huyo mchinjaji wako
anoe kisu.
Ameacha uzi."