Mstari wa Saba

Julai, Kahawa. Baridi imekaa kwenye shaba
ya tarumbeta langu kama deni.
Nalipulizia tangu saa kumi na mbili, halipati joto.
Uwanja umefagiwa, mawe ya ukingoni yamepakwa chokaa,
viti vya wageni vimevishwa vitambaa vyeupe
na manyunyu yanavilowesha bila kuuliza cheo cha mtu.

Anaitwa. Sajini Kanyua Ikiara, Polisi Jeshi.
Hatua kumi na moja hadi mezani; nazihesabu kwa kisigino
kama nihesabuvyo mapigo kabla ya kuingia.
Kofia nyekundu imelalia sikio. Chini yake mvi mbili tatu.
Zile hazikuwepo.

Msomaji anasoma: kwa utumishi uliotukuka,
kwa nidhamu, kwa miaka kumi na tisa bila doa.
Maneno mazuri. Yangemtosha yeyote,
kama koti la stoo.

Mimi najua jingine.

Githurai, mwisho wa mwezi,
nimelalia meza ya baa ya Mama Wacuka
na shati la jeshi mwilini, vifungo vitatu vimeng'oka,
siku ya nne nje ya kambi bila ruhusa.
Mamangu alikuwa azikwe Wundanyi asubuhi ile
na nauli niliinywa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Akaingia na koplo mmoja. Wanywaji wakanyamaza,
hata redio nadhani ilinyamaza.
Nikamtukana. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kitaita,
nisibakishe.
Akangoja nimalize. Akainama, akaokota vifungo vyangu,
vyote vitatu, kati ya vizibo vya chupa,
akavitia mfukoni,
ndipo akanitia pingu.

Usidhani alinihurumia.
Kwenye Landrova hakuniruhusu kusinzia.
Uliomba ruhusa? Mara mbili.
Kwa nani? Nikamtaja.
Kwa maandishi?
Kwa maandishi.
Kimya, kutoka hapo hadi getini.

Ripoti yake ilikuwa na mistari tisa.
Sita ya kwanza ilinichimbia kaburi: utoro, ulevi, sare,
na matusi, ameyanakili yote, hata yale ya Kitaita,
tahajia haina kosa; sijui alimuuliza nani.
Wa saba ulisema:
Askari huyu aliomba ruhusa ya mazishi mara mbili. Nakala zimeambatishwa.

Alikuwa amezitafuta. Usiku ule ule,
katika faili za mkubwa aliyeapa
hajaona karatasi yoyote.

Nilifungwa siku kumi na nne, na nilizistahili.
Jeshini sikufukuzwa.
Siku ya kutoka alinikabidhi bahasha ya kaki:
vifungo, vitatu, na fomu ya kukiri nimevipokea.
Nikatia sahihi. Akaikagua sahihi. Akaondoka.

Yeye, mwaka wake wa kupanda cheo ulipita,
na uliofuata, na wa tatu.
Kuna wakubwa ambao mstari mmoja
huwakaa kooni kuliko mfupa.

Hilo msomaji hana. Amefunga folda.
Brigedia anambandika medali, pini inakataa kidogo,
anasema neno la utani. Kanyua hacheki.
Anatazama mbele, juu ya vichwa vyetu,
mahali ambapo hapana kitu ila paa za mabati za Kahawa Magharibi
na moshi wa mtu anayechemsha chai.

Sijui kama ananikumbuka. Amekamata wengi.
Kifungo kimoja kati ya vile bado kiko kwenye shati hili,
cha pili kutoka juu, hapa
ninapoegemeza tarumbeta.

Bendi, tayari.

Midomo imekufa ganzi lakini pumzi ipo,
na kabla fimbo ya kiongozi haijashuka
nimeshaingia, nusu pigo mapema, peke yangu,
sauti kavu juu ya uwanja mzima,
naye, kwa mara ya kwanza leo, amegeuza macho.

Kiongozi ataniandika.
Aniandike.
Ila aandike yote.