Muhuri

Tumboni mwa Kaoma pana duara moja tu,
jekundu, dogo, kama muhuri wa komini:
hapo ndipo ncha ya usukani ilipomgonga
kwenye mteremko, njia ya Kasenga,
magunia manne ya makala nyuma yake
na breki ni soli ya kandambili.

Damu haikutoka.
Basi si kitu, walisema waliomwinua.
Akazoa makala, akasukuma hadi Lubumbashi, akauza yote,
akalala.
Alfajiri tumbo likawa gumu kama ubao.

Chisala, mkewe, amelipia skaneri kwa pesa ileile,
noti nyeusi. Nimezihesabu mara mbili,
nikanawa mikono.

Vuta pumzi. Ishike.
Dawa inaingia mshipani; utasikia joto
kana kwamba umejikojolea. Hujajikojolea.
Pumua.

Ananifikia vipande vipande,
vyembamba kama mkate uliokatwa na bahili.
Ini, zima. Wengu, zima. Figo zote mbili zimewaka.
Hapa ndipo mvivu hufunga daftari.
Mwalimu wangu alikuwa akinidonoa begani:
utumbo ni mwongo,
ufuate kama unavyomfuata mwizi sokoni,
usikupotee kwenye kona.

Naufuata. Kona, kona, kona.
Kati ya mikunjo miwili, pembetatu ya maji
yasiyo na kazi pale.
Na mafuta ya ule utando unaoushika utumbo,
ambayo yangekuwa meusi na matulivu,
yamefuka ukungu.
Halafu, chini ya ukuta wa tumbo,
punje moja nyeusi, ndogo kuliko ulezi.
Hewa.
Hewa iliyotoka nyumbani kwake usiku bila kuaga.

Umeme unakatika.
Jenereta inakohoa, inakohoa,
na katika giza lile
ni mimi peke yangu ninayejua.

Simu kwa Dokta Nsenga. Sianzi na habari za asubuhi.
"Utumbo umetoboka. Njoo."

"Na kinga yangu?" Kaoma ananiuliza.
Huku kwetu ndivyo tunavyoiita baiskeli.
Namwambia ipo, imefungwa vizuri.
Sijui iko wapi.
Navuta shuka juu ya muhuri ule
ambao kizuizini wangeutazama tu
na kumpungia mkono apite.

Kwenye shuka, alama za vidole vyangu:
makala,
na sabuni ilikuwepo.